Anti, Naomba cha Upelelezi: Niliyojifunza kwa Kuazimisha Riwaya kwa Vijana

Kama unafikiria kuweka rafu ya vitabu vya hadithi kwa ajili ya vijana wa sekondari, iwe dukani, kanisani, madrasa au sebuleni kwako, soma haya kwanza. Hakuna lililo gumu humu, ila mimi sikupata wa kuniambia, na mengine yamenigharimu hela na usingizi.

Nina duka la stationari Morogoro, karibu na shule za sekondari. Natoa kopi, nachapa barua, nauza kalamu, kaunta buku na karatasi za manila. Tangu nifungue, biashara iliyokuwa ikinishangaza ni ya vitini. Mitihani ya mock ikikaribia, wanafunzi wanamiminika na karatasi za uchambuzi wa riwaya na tamthiliya, kopi ya kopi ya kopi, maandishi yamefifia mpaka unayakisia: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo, wahusika. Kitabu chenyewe hawana. Mtoto wa kidato cha nne anakutajia dhamira za Takadini moja baada ya nyingine, ukimuuliza Sekai alikimbia kijijini kwake kwa nini, anakukodolea macho. Hajui kuwa kuna mama aliyemtorosha mwanawe asiuawe. Anajua tu kwamba mwandishi "amefanikiwa kifani na kimaudhui".

Siwalaumu. Kitabu kipya kinauzwa bei ya chakula cha siku mbili tatu nyumbani kwao, kitini ni mia chache. Na mtihani unauliza yaliyomo kwenye kitini. Lakini mimi nilikuwa nikibonyeza mashine huku najiuliza hawa watoto wataingia ukubwani wakiamini riwaya ni aina ya adhabu.

Mimi mwenyewe sikulelewa na maktaba. Nilikua nikisoma hadithi za Eric Shigongo kwenye magazeti ya udaku, gazeti moja linazunguka bweni zima, wa mwisho analipata limeshalowa mafuta ya nywele. Tukifika kwenye neno "Itaendelea" tunalaani kwa sauti. Matroni alitukamata mara nyingi. Hakuna aliyetulazimisha kusoma, na hakuna aliyetuuliza dhamira. Kwa hiyo niliposikia watu wazima wakisema vijana wa siku hizi hawasomi, sikuamini sana. Nilidhani hawajapata tu kitu cha kuwafanya walaani kwa sauti.

Nikaanza na rafu moja, pembeni ya mashine. Nikaenda Dar kutafuta mitumba ya vitabu kwa wale wauzaji wanaotandaza chini pale Posta, hasa Mtaa wa Samora. Enzi hizo ni basi kutoka Msamvu. Siku hizi naenda na treni ya SGR, asubuhi nakwenda, jioni nimerudi. Ushauri wa kwanza kabisa ni huu: nenda na hela taslimu ndogo ndogo, usionyeshe kwamba umefurahi, na fungua kila kitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Mitumba ina tabia ya kukatika pale mambo yanapokolea. Nimeshauziwa riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho, yaani muuaji hajulikani hadi leo.

Hesabu yake haiko kama wengi wanavyodhani. Bei ya kitabu ni mwanzo tu. Kuna nailoni ya kujalidi, gundi, na uzi wa kushonea vile vya zamani ambavyo mgongo umeachia. Kuna vitakavyopotea. Mwanzoni niliweka amana ya shilingi 2,000, mtoto anaweka, akirudisha kitabu anarudishiwa. Nikaona wanaokuja ni wale wale ambao kwao tayari kuna vitabu. Mtoto anayepewa nauli tu hana 2,000 ya kulaza kwangu wiki nzima. Nikaifuta amana, nikaweka mdhamini. Ukitaka kuazima unakuja na mwenzako wa darasa moja, anasaini kwenye kaunta buku, na kitabu kikipotea wote wawili hamwazimi tena mpaka kipatikane kingine. Vitabu vilivyopotea vilipungua sana, maana rafiki anakufuatilia kuliko mimi. Ada ni shilingi 300 kwa wiki, na asiye nayo anasaidia kufunga daftari au kupanga karatasi. Faida hakuna. Wiki nzuri ada inalipia nailoni.

Shehena ya pili ilitoka mbali. Wifi yangu anaishi Marekani, akasikia habari za rafu, akakusanya maboksi ya riwaya za vijana kutoka kwa majirani zake na kuyatuma. Moyo wake nauheshimu. Mzigo niliulipia mimi upande wa huku, na nilijikuna kichwa. Vitabu vilikuwa vizuri kwa sura, majalada yanang'aa, vimejaa makabati ya shuleni, theluji, magari ya wazazi na dansi ya kumaliza mwaka. Watoto wa kidato cha kwanza waliotoka shule za msingi za Kiswahili, ambao ndiyo kwanza Kiingereza kimeanza kuwa lugha ya karibu kila somo, walivishika, wakavipapasa, wakavirudisha. Waliovichukua ni wale waliopita shule za mchepuo wa Kiingereza, na hao walivila kwelikweli, hasa zile hadithi za dunia ya baadaye ambayo serikali imekuwa katili na watoto wanapigana kuokoa roho zao. Sikutarajia. Niliwahi kusema kwa kujiamini kwamba kijana wa Morogoro hawezi kuvutiwa na mambo ya kule, na msichana wa kidato cha tatu akanijibu, "Anti, kuonewa ni kuonewa."

Ila kulikuwa na tatizo ambalo hata sikuliwazia. Riwaya za vijana za huko nyingi zinatoka kwa mfululizo, sehemu ya kwanza mpaka ya tatu au ya nne. Kwenye maboksi nilikuwa na sehemu ya pili na ya nne. Kijana anaanzia katikati, hajui nani ni nani, akianza kuelewa kitabu kimekwisha na kinachofuata hakipo. Nilipata kesi za watoto kunilaumu mimi binafsi. Mtu akitaka kukuchangia vitabu, mshukuru, kisha mwambie: mfululizo uwe kamili au usije. Na mwulize kabla hajafunga boksi kama yeye mwenyewe angemaliza hicho anachotuma.

Sasa niseme juu ya kupendekeza, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Alikuja kijana wa kidato cha pili, ana ualbino, kofia pana, mpole, anasoma majina kwenye migongo ya vitabu akiwa ameusogeza uso karibu kabisa na rafu. Akanisalimia, "Shikamoo, Anti." Kabla sijamaliza kuitikia, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye Takadini. Riwaya ya Ben Hanson, mtoto mwenye ualbino, mama shujaa, nani angeihitaji kuliko yeye? Akatabasamu kwa adabu. "Hicho ninacho, Anti. Ninazo tatu. Mwalimu alinipa, wa kanisani alinipa, mjomba alinipa." Akanyamaza kidogo. "Naomba cha upelelezi."

Nimeshalifikiria jambo lile mara nyingi. Takadini ni kitabu kizuri, na ningependa wanaomkodolea macho kijana yule njiani wakisome wao. Lakini yeye maisha yake anayajua. Alitaka kwenda mahali ambapo habari si yeye. Tangu siku hiyo simpi mtoto kitabu kwa kuangalia ana nini au kwao kuna nini. Yatima simpi kitabu cha yatima. Binti aliyepata mimba akarudi shule simpi hadithi ya binti aliyepata mimba, mpaka aiombe mwenyewe. Wakati mwingine huiomba, na hapo tunazungumza kwa sauti ndogo wateja wakiisha.

Nilimpa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ile ya mwaka 1960 inayomtambulisha Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake Najum anayemfuata akishangaa kama sisi wasomaji. Nilikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Kwanza Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kina maneno ambayo mtoto wa Morogoro hajawahi kuyasikia. Pili, herufi. Nakala yangu ilikuwa ya zamani, herufi ndogo, karatasi imekuwa rangi ya chai, na watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu. Nilinunua kioo cha kukuzia, nikakifunga kwa kamba pembeni ya rafu, na nikamruhusu akae kwenye kibaraza cha nyuma ambako kuna mwanga lakini hakuna jua. Kama unaweka rafu ya vijana, angalia ukubwa wa herufi kabla ya kuangalia jina la mwandishi. Kuna watoto wanaoitwa wavivu wa kusoma kumbe hawaoni.

Kurasa za mwanzo zilimsumbua. Alikuja kuniuliza maneno, mengine hata mimi sikuyajua, tukafungua kamusi wote wawili. Halafu akaacha kuja kuuliza. Siku aliyorudi alikuwa na orodha ya watuhumiwa wa mauaji ya Bwana Ali, ameiandika nyuma ya daftari la Jiografia, kila mmoja na sababu zake, na akataka nimwambie kama mimi nilimshuku nani kufikia katikati. Mtu anayekuja dukani kukuuliza ulimshuku nani huna haja ya kumpa hotuba juu ya faida za kusoma. Akaondoka na Kisima cha Giningi, na baada ya hapo akahamia kwa Elvis Musiba, kwa mpelelezi wake Willy Gamba wa Kufa na Kupona, ambako hakuna kiko wala utulivu, ni bastola na ndege.

Kwa hiyo swali langu la kaunta limebadilika. Zamani nilikuwa nauliza, "Unapenda kusoma vitabu gani?" Asiyesoma hawezi kulijibu, anaona aibu, anasema "vyovyote". Siku hizi nauliza, "Kitu gani cha mwisho kilikufanya uchelewe kulala?" Hapo wanafunguka. Tamthilia ya Kituruki. Mechi. Simulizi ya WhatsApp. Hiyo ya WhatsApp ilinifungua macho, maana kuna wasichana, na wavulana wasiokiri, wanaofuatilia hadithi za mapenzi za kwenye simu sehemu kwa sehemu, wengine wanalipia ili watumiwe zilizobaki. Wanasoma usiku kucha kwenye kioo kilichopasuka. Hao ndio mwalimu anawaita wasiosoma.

Mmoja wao, wa kidato cha tano, alikuwa na hadithi ya binti aliyeozwa kwa lazima, akalia nayo. Nikampa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin ameozwa kwa Raza, mtu mzima kuliko yeye kwa mbali, anatoroka, anaingia kwenye Zanzibar nyingine kabisa ya akina Mwajuma na ya Denge aliyezama kwenye siasa za kumwondoa mkoloni. Ni kitabu kinene, na niliogopa unene wake utamkimbiza. Nikamwambia soma mpaka Yasmin atakapotoka nyumbani kwa mumewe, ukichoka rudisha, sitakuuliza. Hakurudisha. Alipojua kuna filamu yake, ya Amil Shivji ya mwaka 2021, aliitafuta, akarudi na malalamiko yake yote kuhusu yaliyoachwa. Ruhusa ya kurudisha bila kuulizwa ni kitu kikubwa kuliko nilivyodhani. Wengi hawaanzi kitabu kwa sababu wanaamini wakikianza lazima wakimalize, kama shuleni. Mwambie akiache. Mpe viwili kwa pamoja, achague cha kukiacha.

Na akirudisha, usimuulize alichojifunza. Nakuomba. Ukiuliza hivyo unapata, "Nimejifunza kwamba ulevi ni mbaya na elimu ni ufunguo wa maisha," na mlango umefungwa. Uliza nani alimuudhi. Uliza angekuwa yeye angefanyaje. Kwenye Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo kuna baba mlevi, Mzee Lomolomo. Nilimuuliza mvulana mmoja nani kamuudhi, nikidhani atamtaja huyo. Akasema shule. Shule iliyowafukuza watoto kwa sababu hawana ada na sare. Alisema hivyo akiwa amevaa sare yenye viraka, na mimi nikajitia kupanga kalamu.

Lililonikosesha usingizi ni hili la wazazi.

Binti wa kidato cha tatu aliazima Rosa Mistika. Baba yake akaja nayo ndani ya mfuko wa rambo, hakutaka hata watu waione. "Dada, hiki ni wewe umempa mwanangu?" Nikasema ndiyo, mzee wangu, karibu ukae. Hakukaa. Alikuwa amefungua kurasa za katikati, akakutana na mambo ya wanaume na mimba, akahitimisha. Sauti ilipanda, wateja wakasimama kusikiliza, mmoja akaanza kusema lake. Nilitetemeka, sitaficha. Ukiwa mwanamke mwenye duka dogo mtaani, sifa ya kuharibu watoto wa watu inaweza kulifunga duka kabla ya mwezi kuisha.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, zaidi ya mara moja. Niliweza kumwambia kwa utulivu kwamba kitabu kile kinamhusu pia mzazi. Zakaria anamchunga binti yake kwa kipigo, Rosa akitoka nje ya macho ya baba hajui kujichunga, na mwisho wake ni mbaya. Nikamwambia kwamba si yeye wa kwanza kukishtukia. Euphrase Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye kikaja kuwekwa kwenye mtaala. Nikamwomba akichukue bure akisome yeye, halafu tuzungumze.

Alikirudisha baada ya muda mrefu. Akakaa safari hii. Alisema amekisoma chote, na mke wake pia, na kwamba mke wake alikuwa ameshakisoma zamani akiwa A-level wala hakuwahi kumwambia. Kisha akasema binti yake hatakisoma mpaka amalize kidato cha nne. Nikasema sawa, mzee wangu. Sikubishana. Mtoto ni wake, na kusema kweli kidato cha tatu kuna wanaokiweza na kuna wasiokiweza. (Binti alikimalizia kwa rafiki yake. Hilo nililijua baadaye na sikumwambia mtu.)

Tangu pale nina utaratibu. Kila kitabu kinachoingia nakisoma chote kabla hakijapanda rafuni. Kwenye kaunta buku nina ukurasa wa kila kitabu: kinahusu nini kwa mstari mmoja, kina nini cha kumshtua mzazi na kiko ukurasa upi, na kidato gani kwenda juu. Vingine viko kabati la ndani, haviazimwi ila mzazi ajue. Kazi inachosha, wakati mwingine nasoma mpaka saa sita usiku na asubuhi nafungua duka macho mekundu. Lakini usimpe mtoto wa mtu kitabu ambacho hujakisoma. Jalada halisemi kitu, na jina la mwandishi mashuhuri nalo halisemi.

Kuna jambo la ajabu nimeliona. Vitabu vya Musiba vimejaa maiti, pombe na wanawake wa usiku mmoja. Hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuniletea Willy Gamba ndani ya rambo. Risasi haziwashtui. Inawashtua mimba, na inawashtua zaidi akiisoma msichana. Sina dawa ya hilo, nalitaja tu ili ujiandae utakapoipanga rafu yako.

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ikiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, wazazi walikuja wengine kwa hasira wengine kwa udadisi tu, wananiuliza ninavyo vingapi. Nilikuwa na kimoja cha mfululizo huo, kutoka kwenye maboksi ya wifi. Nilikitoa. Duka langu si shule na agizo lilihusu shule, lakini wateja wangu wanavaa sare na mwalimu mkuu anapita hapa kila siku. Watu wa haki za wasomaji watanicheka. Wao hawalipi kodi ya fremu yangu.

Walimu nao si wa aina moja. Mmoja aliwakataza wanafunzi wake kuja kwangu muhula wa mtihani, kwamba riwaya zisizo za mtaala zinapoteza muda. Mwingine, wa Kiswahili, ananiletea wanafunzi wake mwenyewe, na ndiye aliyenifundisha nisikimbilie Shaaban Robert kwa anayeanza. Mimi nilikuwa nikimpa kila mtoto Kusadikika kwa sababu ya heshima. Heshima ya nani? Yangu. Mtoto anakirudisha baada ya kurasa tano na anaondoka akiamini Kiswahili kimemshinda. Mwalimu akasema waache wapite kwanza kwa Bwana Msa na Willy Gamba, Shaaban Robert hana haraka. Kwa wadogo zaidi, wa kidato cha kwanza, namtanguliza Edwin Semzaba na Marimba ya Majaliwa, safari na mikasa, hawaulizi ni cha mtaala au la. Na usiweke rafu ya wavulana na ya wasichana. Niliweka, nikaiondoa, maana wavulana waliotaka za mapenzi walikuwa wanatuma dada zao.

Jaribu jingine, kwa mwenye mashine kama mimi, ni kopi. Kitabu kikipendwa, foleni inakuwa ndefu, wanafunzi wanachanga hela wanasema, "Anti, tutolee kopi kizima, tutajalidi wenyewe." Ni hela ya haraka. Ni rahisi kujidanganya kwamba ni msaada. Mwandishi hapati hata senti, na hao hao tunaowalilia kwamba hawaandiki vya vijana ndio tunaowaibia. Nakataa, na wanaenda duka la pili wanatolewa. Najua. Kinachosaidia kidogo ni kununua nakala ya pili ya kitabu chenye foleni badala ya kuongeza kitabu kipya kisichoombwa na mtu. Vijana wanasoma kinachosomwa na wenzao. Nakala tatu za kitabu kimoja zinazozungumzwa darasani zina maana kuliko majina thelathini yaliyokaa kimya.

Kwa sasa kinachonisumbua ni Siku Njema. Riwaya ya Ken Walibora, Mkenya aliyefariki Nairobi Aprili 2020, na Wakenya wengi wa rika langu wameisoma shuleni, ila huku kwetu ni adimu. Kongowea anatokea Tanga, mama yake amefariki, anakwenda Kenya kumtafuta baba. Nilipewa nakala moja na dereva wa lori, tayari ilikuwa imechoka, na tangu iingie rafuni haijawahi kulala humo usiku mmoja. Nimeishona mara kadhaa. Sasa kurasa za mwisho zimeng'oka na kupotea, kwa hiyo kila anayefika hapo anakuja dukani nimsimulie kilichobaki, na mteja wa kopi anasubiri. Mwenye mtu wa kutoka Mombasa au Nairobi anibebee nakala mbili, tafadhali. Hela natuma kwa simu kabla hajapanda basi.